Moto Hauombwi kwa Barua

Asifiwe,

Toa lile beseni ndani ya mzigo. Nimeliona. Koko wako ana mabeseni, Masisi nzima ina mabeseni, na kaka Espoir hawezi kuendesha pikipiki kwenye matope ya barabara hii huku beseni linampiga mgongoni kama ngoma ya kwaya. Nilitaka kuanza barua hii kwa maneno mazuri zaidi, lakini beseni limenitangulia.

Umetoka na bidoni kuelekea chemchemi bila kuniaga, na mapipa ya nyumbani yamejaa. Kwa hiyo hukwenda kuteka maji. Umekwenda kuwa mbali nami. Vema. Mimi nimekuja huku kituoni. Watoto wamekwisha kwenda makwao, mvua inapiga mabati, nami nimeketi kwenye kibenchi cha watoto wadogo, magoti yamenifika kidevuni. Naandika kwa sababu nikisema napandisha sauti, na tangu mchana nimeipandisha vya kutosha.

Sitakuambia uvae sweta, ingawa kule juu Masisi kuna baridi ambayo sisi wa huku karibu na msitu hatujaizoea. Sitakuambia ufue soksi, usali, uwahi kurudi. Hayo Koko atakuambia mara mbili mbili, mpaka utamani kuwa kiziwi. Ninachotaka ni kurudi kwenye neno ulilonitupia mchana, ukaacha bugali kwenye sahani, ukaondoka.

Tuliweke jambo wazi kwanza, maana katika makelele yetu hata mimi nilipotea. Shule ya wauguzi imekupokea. Haina bweni. Nyumba pekee ya ndugu iliyo karibu nayo ni ya Koko, mama wa baba yako. Bila nyumba ya Koko hakuna shule. Mimi nikamtumia Koko salamu kwa mdomo wa kaka Espoir, pamoja na gunia la karanga na mafuta mazuri ya mawese: kwamba mtoto atafika kesho, ana godoro lake, na kila mwezi nitaleta chakula chake. Salamu za heshima kabisa. Karanga zikapokelewa. Jana kaka Espoir akarudi, akasimama na mguu mmoja juu ya pikipiki, akabana pua ili kuigiza sauti ya bibi mkubwa:

"Mutoto ni wa kwangu, mulango iko wazi. Lakini mama yake akuje yeye mwenyewe aniombe. Kama hawezi kukuja, basi mutoto abakie kwake."

Na akaongeza, kwa raha zake: "Dada, bibi yule hapana mutu wa kucheka."

Nikasema utakwenda tu. Nikasema Koko akikuona mlangoni na mzigo wako hatakuwa na moyo wa kukurudisha. Wewe ukauliza, "Na akinirudisha?" Nikasema mimi siwezi kuacha kituo, kesho watoto watakuja, nani atawafungulia, nani atawapikia? Ukasema, "Mama Riziki." Nikasema wewe hujui kazi hii. Ndipo uliposema: "Mama, unaogopa kuomba. Unaogopa hilo kuliko unavyoogopa bunduki."

Naomba — unaona, neno nalijua — naomba unisikilize basi, kwa kuwa sasa huwezi kunikatiza.

Watu wanadhani kazi yangu ni kuomba. Naandikia wafadhili, nawaomba unga, nawaomba madaftari, wao wananiomba picha za watoto wanaocheka. Lakini huko si kuomba. Huko ni kuandika mradi. Unaomba kwa ajili ya watu wengine, kwa karatasi, kwa Kifaransa, na hakuna anayekuona usoni. Ninaweza kufanya hivyo mwaka mzima. Kusimama mlangoni kwa mtu na kusema "nipe" kwa mdomo wangu na kwa ajili yangu, hilo ndilo ambalo sikujifunza, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kulisahau.

Unakumbuka tulivyofungua kituo hiki? Ulikuwa bado mdogo, nilikuwa nimekuchukua kwa mama yangu kule Ntoto, aliyekulea wakati nikisoma Goma. Niliona watoto wa hapa Kashebere wakishinda kando ya barabara, wazazi wao wako kwenye mashamba ya watu au wamebeba mafuta ya mawese mgongoni, na wadogo wamefungiwa ndani na dada zao wa umri wa kuanza shule. Nikataka mahali pa kuwaweka mchana: wale, waoge, wasome, walale kidogo, jioni warudi kwa mama zao. Jambo rahisi. Nani angelipinga?

Siku ya ufunguzi akina mama walikuja na vitenge vyao vya kanisani. Wafadhili walikuwa wamenunua jiko la chuma. Nikawaeleza kwamba halili kuni nyingi, na moshi wake hauumizi macho ya watoto. Nilisema kweli, mpaka leo ni kweli. Kisha nikatoa kiberiti mfukoni, nikawasha. Wakapiga makofi. Ah, makofi yale! Sasa nayajua. Ndiyo makofi ambayo watu humpigia mgeni aliyesalimia vizuri kwa lugha yao kabla ya kukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Kwetu jiko jipya haliwashwi kwa kiberiti. Mwanamke akihamia mahali, hata kama ana viberiti pakiti nzima, huchukua kigae, huvuka kwa jirani, husema "naomba moto," na kurudi na makaa mekundu. Bibi arusi huyapokea makaa ya kwanza kutoka jikoni kwa mama mkwe wake. Hakuna asiyejua. Mimi nilijua kiasi kwamba katika kazi yangu ya kumaliza chuo niliandika aya nzima juu ya desturi hiyo, chini ya kichwa cha mila, nikapata alama nzuri. Kisha nikaja Kashebere nikawasha kiberiti.

Watoto wakaja. Mama zao hawakuja. Hakuna aliyeleta kuni, hakuna aliyetokea kuosha sufuria, hakuna aliyeuliza mtoto wake amekula nini. Upepo ulipong'oa bati la jikoni, nilipanda ngazi mwenyewe kwenye mvua, na kutoka veranda za ng'ambo nikasikia: "Ee! Santre ya Madame inaruka!" Na kicheko. Santre ya Madame, si kituo chao! Niliita mkutano wa kuwahamasisha wazazi. Nilipanga viti. Wakaja wazee wawili na mbuzi. Nilirudi nyumbani nikakufokea wewe kwa sababu ya kikombe.

Na Mama Riziki. Sasa wewe unamtaja kama mtu ambaye alikuwepo tangu uumbaji, lakini kumbuka mwanzo. Alikuwa amekimbia vita upande wa Kitshanga, akaja kukaa kwenye kibanda cha plastiki mkabala na lango letu, na Riziki wake mwenye tumbo la kuvimba na nywele zilizogeuka nyekundu kwa njaa. Kama kituo kilijengwa kwa ajili ya mtoto mmoja, ni yule. Nilimfungia mzigo: unga, nguo, sabuni. Nikampelekea mchana, mbele ya watu, nikiwa na simu mkononi kwa ajili ya ile picha. Nikamwambia, "Mama, cheka kidogo." Akacheka kidogo.

Kesho yake mzigo ulikuwa langoni mwangu, umekunjwa vizuri kuliko nilivyoukunja mimi. Hata sabuni.

Nikamfuata. "Mama Riziki, kwa nini?"

"Hakuna kitu, Madame. Nashukuru."

"Basi mlete mtoto, ale pamoja na wenzake."

"Ndiyo, Madame."

Hakumleta. Siku nyingine nikamwuliza tena. "Ndiyo, Madame." Nimeona vizuizi vingi katika barabara hii, vya mawe, vya magogo, vya watu wenye silaha. Hakuna kigumu kama "ndiyo, Madame." Nilikuwa namwona Riziki kila siku, amekaa kwenye mchanga wa barabara anatazama sahani za wenzake kupitia uzio, na ninakiri kwako kwamba nilimchukia mama yake. Nilisema moyoni: huyu mwanamke anamwua mtoto kwa kiburi. Sikujiuliza nani mwingine alikuwa na kiburi katika barabara ile.

Halafu ile siku ya mvua. Mimi nilikuwa nimepanda kilima kutafuta mtandao ili nitume picha za watoto wakinawa mikono. Huku nyuma mvua ikaingia jikoni, kiberiti kikalowa, gunia la makaa likalowa, na wewe ulibaki na yule msichana tuliyemlipa kupika, watoto wakilia njaa. Yeye akakaa kunisubiri. Wewe ukaokota kigae cha chungu, ukavuka barabara.

Niliporudi niliona moshi kwanza. Jiko la chuma lilikuwa nje, linanyeshewa. Katikati ya jikoni kulikuwa na mafiga matatu ambayo sikuyaweka, na Mama Riziki alikuwa amepiga magoti anapuliza, mashavu yamemvimba. Riziki ameegemea gunia la unga kama mwenye duka.

"Karibu, Madame," akaniambia. Mimi! Katika kituo changu! "Hii jiko yako iko na baridi kama chura. Tumeitoa inje kwanza."

Nikakuvuta pembeni. Unakumbuka, nilikubana mkono. "Umekwenda kuomba? Kwa yule? Hana hata unga! Sisi ndio tunaomsaidia!"

Nawe ukanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa malaria. "Sikuomba unga, Mama. Niliomba moto. Moto iko nao."

Mama Riziki alisikia. Alicheka mpaka akakohoa. "Madame, hata masikini iko na moto!"

Usiku ule sikusema nawe. Asubuhi, kabla hata sijafungua lango vizuri, alikuwa pale, kitenge kimefungwa kifuani, na hakusema hodi wala habari. Aliuliza: "Moto yangu ililala muzuri?" Akanipita, akaingia kuukagua. Na Riziki nyuma yake, akaketi, akala. Hakuna aliyemwalika. Alikuja na moto wao.

Yaliyofuata unayajua, na bado yananichosha. Akina mama wengine wakaja kuona kwa nini Mama Riziki anapuliza moto kwa Madame. Walipoona sombe ya majani ya muhogo inavyopikwa, wakakasirika. Wakamwondoa msichana wangu kwenye sufuria. Jioni mmoja akaja kuomba makaa kwetu apeleke kwake, kesho yake mwingine, na tangu hapo sijawahi kuwa peke yangu jikoni. Wamebadili saa zangu kwa sababu ya siku ya soko. Wamelaza vichanga kwenye chumba cha kusomea. Wanabishana kuhusu bugali mpaka nashindwa kusikia nafsi yangu. Mbuzi wa mmoja wao anajikinga mvua ofisini kwangu, na ndani ya jiko la chuma kuku amelalia mayai, na wafadhili wananiomba picha ya jiko! Nifanye nini, nimpige picha kuku?

Kwenye ripoti niliandika kwamba nilibadili mbinu za ushirikishaji wa jamii. Nilibadili, mimi. Wewe sikukutaja. Na sikukuambia kwamba ulifanya vizuri, wala siku ile wala baadaye, kwa sababu kila nilipofungua kinywa niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kama ukali. Ulifanya vizuri, Asifiwe. Basi. Nimesema. Tuendelee.

Sasa Koko.

Umekua ukijua kwamba Koko alinifukuza nikiwa na mimba yako. Nani alikuambia? Mimi. Nilimwambia pia mama yangu, na marafiki wa Goma, na nilijiambia mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba nilianza kusikia mlango ukigongwa nyuma yangu. Lakini jikoni kwa Koko hakukuwa na mlango. Mpaka leo hakuna. Kuna pazia la gunia. Huwezi kumgongea mtu gunia.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa mwanafunzi Masisi, tumbo limeanza kushinda vifungo vya sare. Baba yako akaniambia, "Panda kwa mama, atakupokea," na yeye mwenyewe akabaki barabarani kule chini, eti anaangalia kama mvua itanyesha. (Huyo ni baba yako. Baadaye alikwenda Walikale kuchimba madini, akaoa huko, na kila Noeli anatutumia salamu kana kwamba salamu zinavaliwa miguuni.) Nikapanda kilima peke yangu kati ya mashamba ya maharage. Koko alikuwa jikoni, ameinamia chungu. Aliniona. Aliona sare, aliona tumbo, aliona kila kitu. Ana macho ya mwewe. Akasema:

"Unatafuta nini, binti?"

Nikasema, "Sitafuti kitu."

Aliinama, akatoa kijinga kimoja cha moto chini ya chungu kilichokuwa kinachemka, akakiweka pembeni, karibu na mguu wangu. Akangoja. Nani hutoa ukuni unaowaka chini ya maharage ambayo hayajaiva? Nilikiona kile kijinga. Kilikuwa kinafuka moshi hapa, mahali ambapo mkono wangu ungefika bila hata kujinyoosha.

"Hautafuti kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi asiyetafuta kitu arudi kwao."

Nikarudi kwetu. Nikashuka kile kilima nikiwa na ushindi. Sikuomba! Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimebeba mtoto tumboni, na jambo nililojivunia ni kwamba sikuomba.

Usifikiri ninakuandikia kwamba Koko ni mtu mwema na mimi mbaya. Alikuwa mtu mzima. Mimi nilikuwa mtoto. Angeweza kusema "ingia, ukae." Neno moja, halimgharimu hata jani la maharage. Aliamua kungojea desturi kutoka kwa mtoto anayetetemeka, na kwa hilo nina hasira naye hadi leo, na sitaiacha hasira hiyo hapa Kashebere ili kukufurahisha. Nasema tu kwamba mlango sikufungiwa. Na kwamba tangu siku ile nilijitafutia maisha ambayo hakuna atakayeniuliza tena ninatafuta nini. Nikasoma. Nikapata kazi ya kugawa. Anayegawa hukaa upande wa sufuria, Asifiwe, na hakuna mahali pazuri pa kujificha kama nyuma ya sufuria. Kila mtu anakuona, na hakuna anayekujua.

Nawe unakwenda kujifunza kukaa upande wa sindano. Watakuvalisha koti jeupe, watu wazima watakuita Madame. Sina ushauri mwingi. Lakini utakutana na mgonjwa mwenye "ndiyo, Madame" ile ya Mama Riziki, na dawa hatakunywa. Usimpandishie sauti kama mimi. Mwombe kitu. Mwombe akushikie taa, au akuambie jina la mmea ulio nyuma ya nyumba. Kitu alicho nacho kweli, usimtungie. Utajua, ulijua ukiwa na kigae mkononi.

Nilikuwa nimefika hapa na nilitaka kufunga barua kwa maneno ya amani, kisha kesho asubuhi nikupandishe kwenye pikipiki ya kaka Espoir, na barua hii uisome njiani. Ndiyo. Bado huo ndio ulikuwa mpango wangu. Mtu anaweza kuandika yote haya na bado akabaki pale pale. Kusoma sana kunasaidia.

Lakini Mama Riziki ameingia, amejifunika kichwa kwa mfuko wa sukari, kuufunika moto kwa majivu ili udumu hadi asubuhi. Akanikuta nimekunjamana kwenye kibenchi.

"Madame, unaandikia nani?"

"Asifiwe."

Akatazama nje, akanitazama. "Asifiwe iko pale kwa maji. Tunamuona. Unamuandikia barua mutu iko pale kwa maji?"

Nikamweleza kwamba ni barua ya safari. Nikamweleza na la Koko, kwa kifupi, kwa sababu anajua kila kitu tayari. Nadhani kaka Espoir alimwigizia na yeye ile sauti ya puani. Nikamwambia siwezi kwenda, kesho ni kazi.

"Kazi ya nini? Bugali tunapika siye."

"Na kusoma?"

"Batoto watasoma kesho kutwa. Kwani herufi zitakimbia?" Akaketi sakafuni, akaanza kukamua kitenge chake. "Madame, weye unajua kugawa. Ile unajua sana. Kuomba, wapi! Siku ile mutoto wako alivuka barabara na kigae, nilisema: ee, kumbe bale bantu njo bantu kama siye. Mbele ya ile siku sikukuwa najua."

"Ulidhani sisi ni nini, kama si watu?"

"Projet," akasema. Mradi.

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira kila mahali, sikuiona. Nikacheka, naye akacheka, na kuku akatoka ndani ya jiko la chuma akatutazama sote wawili kwa dharau.

Akasimama kwenda zake. Kwenye mlango akageuka: "Nenda. Moto nitaangalia miye. Nayo ni yangu."

Kwa hiyo, Asifiwe, beseni linatoka kwa sababu nyingine sasa. Nafasi ile nitakaa mimi. Kaka Espoir atalalamika kwamba ni watu wawili na godoro na barabara ni mbaya. Mwache alalamike, nitamlipa, na njiani atapata la kuigiza kwa mwaka mzima. Mimi nitabeba godoro mgongoni. Wewe kaa katikati, ushike mzigo. Tukifika chini ya kilima tutashuka, tutapanda kwa miguu kati ya maharage, na safari hii hakuna atakayebaki barabarani kuangalia mvua.

Sijui barua hii nitakupa lini. Nilitaka uisome ukiwa mbali nami, na kumbe kesho tutakuwa tumebanana kwenye kiti kimoja. Labda nitaitia ndani ya soksi zako uikute nikishaondoka.

Nakuona unarudi. Umelowa, na bidoni ni tupu, kama nilivyojua.

Kesho nitasimama kwenye lile pazia la gunia mikono mitupu. Karanga tulikwisha kuzituma, na ni heri. Koko ataniacha nisimame. Ataniangalia viatu. Kisha ataniuliza ninatafuta nini, na nitajibu. Wewe simama nyuma yangu. Na tafadhali, hata kama nitachelewa, hata kama sauti itanikwama na Koko akaanza kugeukia chungu chake, nakuomba, mara hii moja tu, usinisaidie kusema.

Mama yako,
ambaye hajafunga mzigo wake bado